Nilikimbilia foleni ya uvumi wangu mwenyewe

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana mume wangu alicheka nikiwa katikati na sikuweza kumalizia.

Mimi ni mwalimu wa masomo ya biashara katika sekondari ya kutwa, nina miaka arobaini na mbili, watoto wawili, na mume ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na nianze kwa kukutoa wasiwasi kwamba hakuna aliyeumia, hakuna aliyepoteza hata senti moja, na tangu mambo yaishe nalala kama mtoto aliyeshiba, kwa hiyo barua hii si ya kilio, ila kuna jambo limebaki kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki, na Jumamosi ya wiki ijayo nitasimamishwa mbele ya watu mia tatu nipongezwe kwa jambo ambalo sikulifanya vile wanavyodhani.

Lilianzia darasani. Kidato cha tatu tulifika kwenye mada ya mabenki na misukosuko ya fedha, na mada hiyo jinsi ilivyoandikwa kitabuni inamlaza hata anayeifundisha, ni benki za nchi za mbali zilizoanguka kabla wazazi wa wanafunzi wangu hawajazaliwa, ni mishale kwenda huku na mishale kurudi kule, na kipindi chenyewe ni cha baada ya chakula cha mchana siku ya Alhamisi, watoto arobaini wamelegea kwenye madawati kama nguo zilizoanikwa. Nikasema leo kitabu kipumzike. Nikaomba vizibo vya soda kantini, ndoo nzima, nikampa kila mwanafunzi vizibo kumi kuwa ndizo hela zake, nikamweka msichana mmoja mezani awe benki. Msichana huyo wenzake wanamwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake na kwa sababu hafungui mdomo mpaka awe na hakika na anachosema. Anaishi na bibi yake ambaye ni muuza mitumba.

Wakaweka vizibo vyao, jumla mia nne, Profesa akaandika kila mmoja kwenye daftari. Kisha tukakopesha. Mia tatu na arobaini tukawapa wanafunzi watano, huyu akasema anajenga nyumba, yule ananunua mashine ya kusaga, nikavifungia vizibo hivyo kabatini ili waone kwamba hela ikishageuka tofali huwezi kuidai asubuhi ukaipata mchana. Mezani vikabaki sitini. Mambo yakaenda vizuri kabisa, mmoja anakuja kutoa viwili, mwingine anarudisha vitatu, benki inapumua. Halafu nikamwinamia mvulana wa dawati la mbele nikamnong'oneza kwamba nimesikia sandukuni hamna kitu.

Sijamaliza kunyoosha mgongo, darasa zima lilikuwa mezani. Sita wa kwanza walilipwa, wa saba akakosa, na kelele za huyo wa saba zilimtoa mwalimu wa kemia maabara akaja na fimbo akidhani tumeingiliwa na nyoka. Dawati moja lilivunjika mguu. Lakini mshauri, walielewa, walielewa kuliko ambavyo kitabu kingewafundisha kwa muhula mzima, kwamba benki ile haikuiba na haikuwa na hasara yoyote, kwamba kila mmoja alikimbia kwa sababu aliona mwenzake anakimbia, na kwamba kilichoiua ni mbio zenyewe. Nilijisikia mwalimu siku ile, nikawa natembea darasani kifua mbele.

Na kifua mbele ndicho kilichoniponza. Yuko mvulana tunamwita Redio, hakuna habari inayolala kwake, akanyoosha mkono akauliza kama jambo lile linaweza kutokea hapa kwetu. Nikamjibu kwamba linaweza kutokea popote, hata ushirika wetu wa akiba na mikopo hapo kwenye kona, wanachama wote wakienda kudai siku moja, hela hazitatosha. Nilikuwa bado nataka kuongeza kwamba ndiyo maana hawaendi wote siku moja, na kwamba ushirika una akiba ya dharura na muungano mkuu nyuma yake, lakini kengele ikalia, watoto wakanyakua mikoba, na kilichotoka mlangoni ni ule mkia wa sentensi peke yake, kwamba hela hazitatosha.

Ushirika huo ndio nguzo ya mtaa wetu. Ni chumba kimoja cha chini, madirisha mawili ya kutolea hela, benchi refu la mbao, na meneja ambaye mvua au jua havui sweta lake la kijivu. Walimu tumo, wauguzi wamo, mafundi, wenye maduka. Mimi na mume wangu tumeweka humo kwa miaka tisa, hela ya chuo ya binti yetu na hela ya kumjengea mume wangu karakana aache kuchomelea vyuma kwenye uchochoro.

Nilikuja kuifuatilia njia ya yale maneno baadaye, yalipokwisha kupoa. Redio alimwambia mama yake, mama yake ana saluni, na Ijumaa na Jumamosi saluni hujaa. Muuguzi tunayepakana naye ukuta alikuwa anasukwa pale. Jumapili jioni akaja kugonga kwangu, uso umemshuka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ushirika umekwisha, meneja ametoroka, sanduku la chuma limekutwa tupu, na siri imetobolewa na mtu anayejua mambo ya fedha kwa undani. Mimi sikumuuliza mtu huyo ni nani. Maneno yangu yalitoka darasani peku, yakarudi kwangu yamevaa suti na viatu, nami nikayapisha kama mgeni wa heshima.

Nilimwambia mume wangu kwamba kesho alfajiri naenda kutoa hela zote. Alikuwa ananawa masizi mikononi, akaniuliza kama si mimi niliyemhadithia Alhamisi jinsi watoto walivyojiangamiza wenyewe kwa kukimbia. Nikamwambia ile ilikuwa darasa, hii ni hela. Tena nikampa na nadharia, mshauri, nikamweleza kwamba ni upumbavu watu wote kukimbia, lakini kwa kuwa wote watakimbia, mpumbavu ni atakayebaki. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi nenda, mwalimu," akaendelea kunawa.

Asubuhi nilimtumia mwalimu mkuu ujumbe kwamba tumbo linanisumbua. Huo ni uongo wa kwanza, uuandike. Saa kumi na mbili nilikuwa nje ya ushirika na kuna watu kama themanini wamenitangulia. Nilikuwa nimeshaijaza fomu ya kutolea hela, kiasi chote, na penye nafasi ya sababu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kufunga akaunti.

Mbele yangu alisimama muuza vipuri vya baiskeli. Tukawa tunazungumza kama watu wanavyozungumza foleni, nikamuuliza yeye amesikia kwa nani, swali la kupitisha muda tu. Akasema, "Kwani hujui? Ni mwalimu wa biashara wa hapo sekondari. Aliwaambia watoto hela hazitoshi. Na mwalimu hawezi kudanganya darasani."

Mshauri, mwalimu huyo ni mimi. Nilitafuta pa kutokea, kulia ukuta, kushoto watu, nyuma watu. Nilikuwa bado natafuta nikasikia sauti ya adabu ikisema shikamoo mwalimu. Ni Profesa, amevaa sare yake ya shule, amemshika bibi yake mkono. Muuza vipuri akageuka, akamuuliza yule mtoto, mwalimu wa somo gani. Na yeye si mtoto wa kudanganya. Akajibu, wa biashara.

Habari ilikwenda mbele na nyuma ya foleni kwa kasi kuliko vile vizibo vyangu, kwamba mwalimu mwenyewe yumo, amekuja kutoa zake. Kwao huo ukawa ushahidi usiohitaji mashahidi. Foleni ikavunjika, ikawa rundo la watu mlangoni, kioo cha mlango kikapata ufa, mlinzi akawa anapiga filimbi na hakuna anayemsikiliza, na yule bibi akabanwa kwenye chuma cha ngazi mpaka akapiga ukelele. Hapo ndipo Profesa alipopanda juu ya ngazi. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. Akasema kwa sauti iliyotetemeka lakini ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Mwalimu hakusema hela hazipo. Alisema tukija wote siku moja hazitatosha. Sasa angalieni, tumekuja wote siku moja."

Mtu mmoja akamwambia mtoto anyamaze. Bibi yake, bado anajishika mbavu, akajibu, "Mwacheni aseme. Darasani yeye ndiye alikuwa benki."

Watu wakacheka, mshauri, cheko la kwanza asubuhi ile, na kicheko kikawafanya wasogee nyuma hatua moja. Profesa akawaeleza habari ya vizibo, kwa ufupi, nani alilipwa na nani alikosa na kwa nini, akawaomba mwenye shida ya leo leo, wa hospitali, wa ada, apite mbele, wengine wangoje. Na mimi, mwalimu wa miaka kumi na sita, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kisha mlango ukafunguliwa na akatoka meneja, yule aliyetoroka, ndani ya sweta lake. Alikuwa humo ndani tangu saa kumi na moja anapiga simu. Akasema madirisha yote mawili yatafanya kazi, kila anayetaka chake atalipwa, muungano mkuu wa vyama vya ushirika unaleta fedha zaidi kabla ya saa saba, na asiye na haraka akae kwenye benchi, chai itapikwa. Hakufoka, hakubembeleza. Kumwona tu kulitosha kwa wengine, nikaona watu wawili watatu wanaondoka wakijifanya wamekumbuka shughuli.

Zamu yangu ilipofika, keshia alikuwa msichana niliyemfundisha miaka iliyopita. Akachukua fomu, akaisoma, akaniuliza taratibu, "Zote, mwalimu?" Nyuma yangu kila mtu ametega sikio, na Profesa yuko ubavuni kwangu na bibi yake, ameiona fomu. Nikainyakua ile karatasi nikaifinya mkononi, nikasema nimekuja kuweka. Mkobani nilikuwa na malipo ya geti ambalo mume wangu alikuwa amekabidhi juzi yake, nilikusudia kwenda kuyaficha nyumbani pamoja na hela nitakazotoa. Nikayaweka yote pale dirishani. Na nisikudanganye wewe ninayekuungamia, haukuwa ushujaa. Nilimwonea haya yule mtoto.

Lakini waliokuwa nyuma hawakujua. Waliona mwalimu mwenyewe anaweka hela. Muuza vipuri, ambaye alikuwa ameshatoa zake, alizirudisha nusu hapo hapo. Foleni ikayeyuka. Gari la muungano lilipofika lilikuta watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kuulizia mikopo. Kufikia Alhamisi karibu kila aliyetoa alikuwa amerudisha. Nilikaa kwenye benchi la ushirika na kikombe cha chai, nikalia machozi ya mtu aliyetua gunia, mume wangu akaja kunichukua na mikono yake ya masizi, akanipa leso ambayo nayo ilikuwa na masizi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha kamili. Lakini Jumanne mwalimu mkuu aliniita mbele ya shule nzima akasema niliinuka kitandani mgonjwa nikaenda kuwatuliza wananchi. Kamati ya ushirika imeandika barua kwamba kwenye mkutano mkuu nitapewa saa ya ukutani na kuombwa niwape wanachama somo fupi. Na siku hiyo hiyo ya Jumanne, baada ya kipindi, Profesa alibaki nyuma, akanipa karatasi iliyonyooshwa na kukunjwa mara nne. Akasema, "Mwalimu, hii uliiangusha. Nilidhani hutapenda iokotwe na mtu mwingine." Ilikuwa ni ile fomu. Nikasema ahsante, akaenda zake. Tangu hapo ananisalimia kama kawaida, anajibu maswali kama kawaida, hajanitazama vibaya hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mume wangu anasema nipokee saa nikae kimya, watu wametulia, hela zipo, nikianza kuungama nitaamsha hofu iliyolala. Mwalimu mwenzangu anasema mada ile mwakani niiruke tu. Mimi nashindwa. Nikisema kwamba maneno yalitoka kwangu na kwamba nilikwenda kufunga akaunti, si watakimbia upya? Na nikinyamaza, nitamtazamaje yule mtoto? Nishauri, mshauri, Jumamosi si mbali.

Mwalimu wa Vizibo


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu wa Vizibo,

Nimecheka, nisamehe. Mwambie mume wako hayuko peke yake. Tena mwambie namheshimu mwanaume anayejua lini aseme na lini alete leso.

Kwanza pumua. Umetoka salama, na wenzako wametoka salama. Kuna mitaa ambayo asubuhi kama ile iliishia kwa milango kufungwa na watu kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo furaha uliyo nayo usiionee aibu. Ni halali yako. Ifurahie.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kukimbia sikulaumu. Miaka tisa ya jasho si vizibo, na mwenye kujua moto unavyounguza ndiye wa kwanza kuondoa mkono. Wala sikulaumu kwa kufundisha vizuri, maana wanaofundisha vibaya hawanitumii barua, wanalala. Nakulaumu kwa mawili. Ulitaja ushirika wa jirani darasani bila kuwa na muda wa kumalizia habari zake, na mwalimu wa miaka kumi na sita anajua kengele inalia saa ngapi. Na la pili, umekaa wiki nzima unapokea sifa za mtoto wa watu. Aliyepanda ngazini ni yeye. Aliyeambiwa anyamaze ni yeye. Wewe ulikuwa unakagua viatu. Halafu mtoto huyo huyo akaiokota aibu yako sakafuni, akainyoosha, akakurudishia kwa adabu. Unauliza utamtazamaje? Mtazame kama mtu uliyepata kwake heshima ambayo bado hujailipa.

Mume wako anaogopa ukweli utawakimbiza watu. Namwelewa, lakini amekosea. Walichokimbia Jumatatu ile ni nusu ya sentensi. Nusu nyingine ndiyo iliyowarudisha, tena aliisema msichana wa kidato cha tatu na ikatosha. Watu wazima wakiambiwa jambo zima, na meneja wa ushirika amesimama pale na vitabu vyake vimefunguliwa, hawakimbii. Wanaokimbia ni wanaofichwa. Tena fikiria upande wa pili: yule keshia uliyemfundisha aliisoma ile fomu. Ni binti mwema, lakini naye ana mama, na mama ana saluni ya kwenda. Ukweli huu utatoka tu. Afadhali utoke kwa mdomo wako ukiwa umenyooka kuliko kwa mdomo wa Redio ukiwa umevaa suti.

Basi fanya hivi. Kesho, kabla ya vipindi, nenda kwa mwalimu mkuu umwambie tumbo lako lilikuwa zima. Atanuna, labda atakukata siku moja ya likizo. Kubali, siku moja ni bei nafuu. Ukitoka hapo nenda kwa meneja. Yeye lazima asikie kabla ya wanachama wake, kwa sababu ndiye aliyekaa ndani tangu saa kumi na moja akipiga simu kwa ajili ya sentensi yako. Mwombe radhi bila maelezo marefu, kisha mwombe aje darasani kwako Alhamisi baada ya chakula, ajibu maswali ya watoto yeye mwenyewe: hela zao zinakaa wapi, nani anazilinda, ushirika ukizidiwa unamkimbilia nani. Naamini atakuja. Mtu anayepika chai wakati watu wanamvunjia mlango ni mtu wa kuja.

Siku hiyo hiyo, mbele ya darasa, sema ulikwenda kutoa. Usijiliwaze na usijitukane. Waambie kwamba mwalimu wao aliijua mada kwa kichwa na bado miguu ikamshinda, kwa sababu hawatakaa wasikie jambo la maana zaidi kuhusu fedha mpaka wamalize shule. Wakubwa waliosoma kuliko mimi na wewe huendesha mabenki makubwa na hufanya kosa lile lile, isipokuwa wao hawapangi foleni, hutuma barua. Watoto watacheka. Waache wacheke, kisha waulize ni nini kingemzuia mwalimu, uone watakavyokujibu.

Na msichana usimtumbukize jukwaani bila kumuuliza. Nenda kwa bibi yake, nunua hata shati moja la mitumba ukiwa pale, maana mbavu zake zilibanwa kwa ajili yako, na umuombe ruhusa. Mtoto mwenyewe akikubali, Jumamosi yeye ndiye atoe somo kwa wanachama na wewe ubebe ndoo ya vizibo. Akikataa, basi utalitoa wewe, na utaanza kwa kusema jina lake lote, si Profesa, na jambo alilolifanya. Saa ya ukutani ni yake kwa vyovyote. Kamati ikinung'unika, waambie wapige simu gazetini hapa, nina maneno mengine nimewawekea.

Kuhusu huyo mwalimu mwenzako anayesema uiruke mada mwakani, mpe salamu zangu na umwambie hapana. Jumatatu ile palikuwa na watu themanini wazima, wenye maduka, mafundi, wauguzi, na aliyejua kinachotokea alikuwa mmoja tu mwenye sare ya shule. Hakuzaliwa anajua. Wewe ulimfundisha Alhamisi, na Jumatatu akalitumia. Ni walimu wangapi hulipwa haraka hivyo? Fundisha mada hiyo kila mwaka, ila benki ya mfano iwe ya kubuni, na sentensi ya hatari isemwe dakika ishirini kabla ya kengele, si mbili.

Mwisho ni lako na la kila anayesoma hapa na ana akiba popote. Siku nyingine jirani akija na uso umeshuka, usikimbilie fomu. Mkaribishe ndani, mwekee kiti, umuulize mambo matatu: nani kakuambia, yeye kaambiwa na nani, na huyo wa mwisho aliona nini kwa macho yake? Jumapili ile, mwalimu, ungeuliza hivyo, ungetoka kwa muuguzi ukafika saluni, ukatoka saluni ukafika kwa Redio, na kwa Redio ungejikuta umesimama mlangoni kwako mwenyewe. Ungecheka mbele ya mgeni wako, ukamtoa wasiwasi, na asubuhi ungekwenda kazini.